Kitabu cha maono kilichopotea vitani, na nakala iliyookoa picha zake

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, maktaba ya mji wa Wiesbaden nchini Ujerumani ilifanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Ilichukua vitabu vyake vya thamani kubwa ikavipeleka mbali, katika mji wa Dresden mashariki mwa nchi, vikafungiwa ndani ya chumba cha chuma cha benki. Viwili kati ya vitabu hivyo vilikuwa na maandiko ya mwanamke mmoja, Mtakatifu Hildegard wa Bingen. Vita ilipokwisha, kimoja kilirudi. Cha pili, kilichokuwa na picha 35 zilizopakwa rangi, dhahabu na madini ya fedha, hakijaonekana mpaka leo.

Hata hivyo, ukitaka kuziona picha hizo leo, utaziona, tena zikiwa na rangi zake. Katika makala haya tunaeleza kitabu hicho kilikuwa kitabu gani, kilitengenezwa vipi, na imewezekanaje kitu kipotee na bado kionekane. Ni habari ya mbali, ya Ulaya ya miaka zaidi ya 800 iliyopita. Lakini kila nyumba yenye karatasi moja ya thamani iliyofungiwa sandukuni ina la kujifunza hapa.

Hildegard alikuwa nani?

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 katika familia ya watu wenye uwezo, karibu na mto Rhine. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtoto wa kumi, na wazazi wake wakamtoa kwa Mungu kama mtu anavyotoa zaka ya mavuno. Mwaka 1112, akiwa msichana wa miaka 14, aliingia kuishi katika sehemu ya wanawake iliyotengwa kwenye monasteri ya Disibodenberg, chini ya malezi ya mwanamke aliyeitwa Jutta. Huko walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yenye saa za kusali na saa za kufanya kazi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo na wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga kusini mwa Tanzania, na pia masista wa Chipole.

Jutta alipofariki mwaka 1136, masista wenzake walimchagua Hildegard awe kiongozi wao. Baadaye, kiasi cha mwaka 1150, aliwaongoza masista wapatao 20 kwenda kuanzisha monasteri yao wenyewe mahali paitwapo Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen. Wamonaki wa Disibodenberg hawakupenda waondoke, lakini Hildegard alishikilia msimamo wake mpaka wakaondoka.

Alifariki tarehe 17 Septemba 1179, akiwa na umri wa miaka 81. Aliacha vitabu vya maono, nyimbo za kanisa, barua nyingi alizowaandikia mapapa na wafalme, na maandiko kuhusu mimea, mawe, wanyama na magonjwa. Neno moja la Kilatini linajirudia sana katika maandiko yake, nalo ni viriditas, maana yake ukijani. Kwake ukijani ulikuwa nguvu ya uhai ambayo Mungu ameiweka ndani ya viumbe, ile inayofanya jani lichipue na mwili upone. Mkulima aliyewahi kuliona shamba lake likiamka siku tatu baada ya mvua ya kwanza anaelewa alichokuwa anakizungumzia.

Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alithibitisha heshima yake ya utakatifu kwa Kanisa Katoliki lote, na mwaka huo huo akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Hadi wakati huo ni wanawake watatu tu waliokuwa wamepewa cheo hicho.

Maono aliyoyaandika

Hildegard alisema kwamba tangu utotoni alikuwa anaona vitu ambavyo wengine hawavioni. Alisisitiza kwamba hakuviona ndotoni wala akiwa amepoteza fahamu. Aliviona akiwa macho, akili zake zikiwa timamu. Kwa miaka mingi alikaa kimya, akiwaeleza watu wachache tu.

Kisha mwaka 1141, akiwa na miaka 42 na miezi saba kwa hesabu yake mwenyewe, aliona mwanga mkali kutoka mbinguni na akasikia sauti ikimwamuru aandike anayoyaona na kuyasikia. Akaogopa. Alijiona mwanamke asiyesoma sana, na alihofia watu watasema nini. Alieleza kwamba alikataa mpaka akaugua, na alipoanza kuandika nguvu zikamrudia. Mmonaki aliyeitwa Volmar alimsaidia kunyoosha Kilatini chake. Kazi ya kitabu cha kwanza ilichukua miaka 10.

Kitabu hicho kinaitwa Scivias, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ya Zijue njia za Bwana. Kina maono 26 yaliyogawanywa katika sehemu tatu. Mpangilio wake ni mwepesi kuufuata. Kwanza Hildegard anaeleza alichokiona, kwa mfano mlima, mnara, mwanamke mwenye taji au nyota zinazoanguka. Kisha sauti kutoka mbinguni inafafanua maana ya kila kimoja, kuanzia uumbaji mpaka siku ya mwisho.

Wakati kazi haijakamilika, majira ya baridi ya mwaka 1147 kuelekea 1148, Papa Eujeni wa Tatu alikuwa katika mji wa Trier kwa mkutano wa kanisa. Sehemu ya maandiko hayo ilifikishwa kwake, naye akampa Hildegard moyo wa kuendelea. Kwa mwanamke wa zama zile, kibali hicho kilikuwa ngao. Bila hicho, mtu anayesema ameona mbingu angeweza kushutumiwa kwa uzushi.

Katika karne ya 20, baadhi ya wataalamu wa tiba, akiwamo daktari Oliver Sacks, walisoma maelezo yake ya miali na nyota zinazoanguka, wakasema yanafanana na yale wanayoyaona wagonjwa wa kipandauso. Waumini wanasoma kitabu hicho hicho na kuona ujumbe wa Mungu. Sisi wa redio hatukusudii kuamua. Tunalojua ni kwamba maumivu ya kichwa peke yake hayamwandikii mtu kitabu cha miaka 10.

Kitabu kilitengenezwaje?

Kuelekea mwisho wa maisha ya Hildegard, kiasi cha mwaka 1175, ilitengenezwa nakala ya Scivias yenye picha. Hicho ndicho kitabu tunachokizungumzia. Kilikuwa na karatasi 235, yaani kurasa 470, kila karatasi ikiwa na urefu wa sentimita 32.5 na upana wa sentimita 23.5. Kimo chake kinazidi kidogo daftari kubwa la shule.

Tunaposema karatasi, tusifikirie karatasi za dukani. Enzi hizo Ulaya waliandika juu ya ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama. Ngozi ililowekwa kwenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke, ikawambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, ikakwanguliwa kwa kisu cha mviringo mpaka ikawa nyembamba na laini pande zote mbili, ndipo ikakatwa. Tupige hesabu kidogo. Kama ngozi ya kondoo mmoja ingetoa karatasi nne za ukubwa huo, kitabu hiki kimoja kingehitaji kondoo karibu 60. Mfugaji ataelewa kwa nini vitabu vilikuwa vichache, na kwa nini mtu hakuandika juu ya ngozi mpaka awe na hakika na anachoandika. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwanza kwenye vibao vilivyopakwa nta ya nyuki, kwa kijiti chenye ncha. Ukikosea, unasawazisha nta na kuanza upya.

Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini uliochongwa. Wino mweusi wa zama hizo mara nyingi ulitokana na vinundu vinavyoota kwenye miti ya mwaloni pale nyigu wadogo wanapotaga mayai. Vinundu hivyo vilisagwa, vikachanganywa na chumvi ya chuma pamoja na gundi inayotoka kwenye miti ya jamii ya mgunga. Rangi za picha zilitokana na udongo, mawe na mimea, na zilishikanishwa kwa gundi au ute mweupe wa yai. Dhahabu ilipondwa mpaka ikawa utando mwembamba kuliko karatasi, ikabandikwa, kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini au jino la mnyama mpaka ikang'aa. Kurasa za namna hiyo, ukizigeuza karibu na mshumaa, huonekana kama zina mwanga wake zenyewe.

Rangi ya buluu iliyo bora kuliko zote ilitoka mbali zaidi. Ilisagwa kutoka jiwe liitwalo lapis lazuli, lililochimbwa katika milima ya Afghanistan na kusafirishwa maelfu ya kilomita. Kuhusu rangi hiyo kuna ushahidi wa kushangaza. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba walichunguza ukoga mgumu kwenye meno ya mwanamke aliyezikwa katika monasteri ya Dalheim, Ujerumani, kiasi cha miaka 900 iliyopita au zaidi. Ndani ya ukoga huo walikuta chembe za buluu hiyo. Maelezo wanayoyaona kuwa ya karibu zaidi na ukweli ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu, na alikuwa akilamba ncha ya brashi yake ili aichongoe. Kwa muda mrefu watu walidhani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Jino likatoa ushahidi.

Picha zilionyesha nini?

Picha ya kwanza inamwonyesha Hildegard mwenyewe. Ameketi, kibao cha kuandikia kiko mapajani, kijiti kiko mkononi. Kutoka juu miali mitano ya moto inamshukia kichwani kama vidole vya mkono. Pembeni Volmar ameingiza kichwa chake ukutani, anachungulia na kusikiliza. Ni picha ya kazi yenyewe, pamoja na mwandishi wake na msaidizi wake.

Nyingine inaonyesha ulimwengu wote ukiwa na umbo la yai. Nje kuna moto unaowaka, ndani yake kuna ukanda wa giza, kisha nyota, na katikati kabisa iko dunia. Nyingine inaonyesha malaika wamejipanga katika duara tisa, moja ndani ya nyingine, na katikati pameachwa patupu, kwa sababu aliyeko hapo hachoreki. Ipo pia ya mtu wa rangi ya buluu kama yakuti amesimama ndani ya duara zinazong'aa, ambayo ni namna ya Hildegard ya kueleza Utatu Mtakatifu wa imani ya Kikristo.

Kwa wasikilizaji wetu wafugaji, iko moja ambayo haihitaji maelezo mengi. Ni ile inayohusu jinsi mtu anavyopata uhai tumboni mwa mama. Kando yake kuna watu wamebeba maziwa katika vyombo, nao wanatengeneza jibini. Hildegard anaeleza kwamba maziwa mengine ni mazito na hutoa jibini imara, mengine ni mepesi na hutoa jibini dhaifu, na mengine yameharibika na hutoa jibini chungu. Kwa mfano huo alitaka kueleza kwa nini wanadamu huzaliwa tofauti. Sayansi ya leo haikubaliani naye, lakini kila anayekamua ng'ombe anaona kwamba mwanamke huyu alitazama maisha ya kawaida kwa makini kabla ya kuitazama mbingu.

Kuna swali ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake, nalo ni kama Hildegard mwenyewe alisimamia uchoraji wa picha hizi, au zilichorwa na wengine waliokisoma kitabu chake. Liweke akilini, kwa sababu tutalirudia.

Safari ya miaka zaidi ya 700

Kitabu kilikaa Rupertsberg mpaka karne ya 17, wakati Ujerumani ilipoingia katika vita iliyodumu miaka 30. Mwaka 1632 askari wa Sweden waliichoma monasteri hiyo. Masista walikimbia na vitabu vyao, vikahamia Eibingen, ng'ambo ya mto Rhine, kwenye monasteri nyingine ambayo Hildegard mwenyewe aliianzisha.

Mwanzoni mwa karne ya 19 watawala wa Ujerumani walifunga monasteri nyingi na kuchukua mali zake. Eibingen nayo ilifungwa. Mwaka 1814 vitabu vya Hildegard vilipelekwa maktaba ya Wiesbaden, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka hapo. Kiliko pamoja nacho kitabu kingine kikubwa, ambacho Wajerumani wanakiita kwa jina lenye maana ya kitabu jitu. Hicho kina karatasi 481 za ngozi, kimo chake ni sentimita 46, na uzito wake ni kilo 15, sawa na maji ya lita 15. Ndani yake kumekusanywa karibu kazi zote za Hildegard, pamoja na barua na nyimbo, lakini hakina zile picha.

Mwaka 1904 masista wa Benedikto walirudi Eibingen na kuingia katika monasteri mpya iliyojengwa juu ya kilima, wakaiita kwa jina la Hildegard. Walikuta maandiko ya mama yao wa kiroho hayako tena mikononi mwao. Yalikuwa mali ya serikali, katika maktaba ya mjini.

Masista wachukua brashi

Kati ya mwaka 1927 na 1933, masista wa Eibingen walifanya kazi ambayo wakati ule ingeweza kuonekana kama upotezaji wa muda. Kitabu chenyewe kilikuwepo, salama, maktabani. Isitoshe, katika miaka hiyo ya 1920 kilikuwa kimepigwa picha kwa kamera, ingawa picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa nini kukinakili tena kwa mkono?

Walikinakili. Walitumia ngozi, kama kitabu cha asili. Waliandika maneno ya Kilatini kwa mwandiko wa kale, mstari kwa mstari, na wakachora picha zote 35 kwa rangi, dhahabu na madini ya fedha, kitabu cha asili kikiwa mbele yao. Ilikuwa sehemu ya utawa wao, kwa kuwa tangu zamani wanaofuata Kanuni ya Benedikto wamekuwa wakinakili vitabu. Iliwachukua miaka sita.

Mwaka kazi ilipokamilika, 1933, ndio mwaka Adolf Hitler alioingia madarakani.

Mwaka 1941 serikali yake iliwafukuza masista hao kutoka monasteri yao, wasirudi mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945. Mwaka uliofuata kufukuzwa kwao, maktaba ya Wiesbaden ikavisafirisha vile vitabu viwili kwenda Dresden.

Dresden ilionekana mahali salama. Lakini usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza, na kesho yake zile za Marekani, ziliushambulia mji huo kwa mabomu. Katikati ya mji paliteketea na watu wapatao 25,000 walikufa. Chumba cha chuma cha benki hakikuteketea. Kisha majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakachukua udhibiti wa mji. Vitabu vya Wiesbaden vilipokuja kufuatiliwa, kile kitabu jitu kilikuwepo, lakini Scivias yenye picha haikuwepo. Haikuunguzwa na bomu. Ilitoweka ndani ya mahali palipochaguliwa kwa sababu ya usalama wake.

Kitabu jitu nacho kilikuwa kimenaswa upande uliotawaliwa na Wasovieti. Mwaka 1948 mtafiti mwanamke wa Berlin, Margarethe Kühn, alitumia njia ya kitaaluma, kikaombwa kwa ajili ya utafiti na kikatolewa kwenda Berlin. Kutoka hapo Caroline Walsh, mke wa ofisa wa jeshi la anga la Marekani, alikisafirisha mpaka magharibi. Kilo 15 za ngozi zilirudi Wiesbaden kwa ujasiri wa wanawake wawili, na kitabu hicho kipo huko hadi leo.

Nakala inatupa nini, na haitupi nini?

Leo, unapoona picha ya rangi ya Hildegard na miali mitano ya moto, iwe katika kitabu, kanisani au kwenye simu yako, mara nyingi sana unachokiona ni kazi ya brashi ya masista wa Eibingen. Maneno ya Scivias yasingepotea, kwa sababu yamo katika vitabu vingine vya kale, kikiwamo kile kitabu jitu. Kilichokuwa hatarini ni rangi za picha. Bila nakala ile, tungebaki na zile picha nyeusi na nyeupe za kamera tu, na dhahabu tungeisoma kama kijivu.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Nakala si kitabu chenyewe. Mtaalamu anayetaka kupima rangi ili ajue jiwe lilitoka mlima gani hawezi kupima rangi ya mwaka 1930 akapata jibu la mwaka 1175. Anayetaka kujua ni mikono mingapi ya wachoraji ilifanya kazi ile, hawezi kuuona mkono wa mchoraji wa kale ambao umefuatwa na mkono wa sista wa karne ya 20. Madini ya fedha huingia weusi yakizeeka, kwa hiyo ni vigumu kusema leo kila ukurasa ulivyong'aa ulipokuwa mpya. Ndiyo maana lile swali tuliloliweka kando, kama Hildegard alizisimamia picha, limekuwa gumu zaidi kulijibu. Sehemu ya ushahidi imepotea pamoja na kitabu.

Anayetaka kuona picha za maono ya Hildegard zilizochorwa zama za kale zenyewe bado anazo nyingine. Katika mji wa Lucca, Italia, maktaba ya serikali inatunza kitabu chake cha tatu cha maono, kuhusu kazi za Mungu, kilichochorwa mwanzoni mwa karne ya 13, baada ya kifo chake. Kina picha 10 zinazojaza ukurasa mzima. Na kile kitabu jitu cha Wiesbaden kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti, hivyo mwenye simu na bando anaweza kukifungua bila kulipa kiingilio.

Sisi tunalichukua nini?

Tukitazama mambo haya yalivyokwenda, tunaona njia mbili za kulinda kitu. Maktaba ilitumia ya kwanza, kukichukua kitu kilicho kimoja na kukifungia mahali penye ukuta mnene. Masista walitumia ya pili, kukifanya kisiwe kimoja tena. Hatusemi maktaba ilikosea. Haikuwa na namna ya kujua vita itaelekea wapi. Lakini ukuta unalinda dhidi ya kile ulichokitarajia, na Dresden haikupotewa na kitabu kwa sababu ya kile kilichotarajiwa.

Katika nyumba nyingi wanakotusikiliza kuna bahasha, mkoba au sanduku la chuma chini ya kitanda. Mna hati ya shamba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, daftari la vikoba, pengine barua ya babu yenye orodha ya majina ya ukoo ambayo hakuna mwingine aliyeyaandika. Tunavificha vizuri. Kisha unakuja mchwa, moto wa jikoni, mafuriko, au mzee anafariki bila kusema ameweka wapi.

Nakala haina nguvu ya kisheria kama hati yenyewe, kwa hiyo hati yenyewe iendelee kutunzwa. Lakini picha iliyopigwa kwa simu mchana, mahali penye mwanga, karatasi ikiwa imenyooshwa na namba zote zikisomeka, ni mwanzo mzuri wa kufuatilia kilichopotea kuliko kumbukumbu ya kichwani. Picha hiyo isikae kwenye simu moja tu. Mtumie mtoto aliye mjini, au ndugu unayemwamini. Ile ya majina ya ukoo itume kwa wengi, kwa sababu haina siri. Ile ya hati ya shamba itume kwa mmoja au wawili tu, kwa sababu matapeli nao wana simu.

Na kama kuna kinachokaa kichwani mwa mtu mmoja tu, mfano dawa za miti ya asili, nyimbo za jando, au mipaka ya shamba la ukoo, basi kaa naye umrekodi au uandike, hata kama leo yupo mzima na anacheka. Masista wa Eibingen walianza kunakili wakati kitabu chao kiko salama kabisa. Wangesubiri hatari ionekane, wasingekuwa na cha kunakili.